Gari Halizai Ndama

Doha, Ijumaa

Mpendwa Baba,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta mzima na ule mgongo wako umetulia, ingawa sijui utatulia vipi ikiwa kila siku unajikunja kuingia kwenye gari lililolala chini namna ile. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mahindi mmeshavuna yote, au kuna yaliyosimama bado kule chini karibu na mto? Mimi sijambo. Joto la huku limeanza kupungua, sasa mtu anaweza kutoka nje mchana bila kuhisi kama amefunguliwa mlango wa tanuri usoni. Bado napika katika nyumba ile ile ya yule mama mjane na wanawe. Kazi ni nyingi, wageni hawaishi, na miguu yangu jioni huvimba, lakini nashukuru. Ijumaa moja kwa mwezi napumzika, na leo ndiyo hiyo. Wenzangu wameenda sokoni. Mimi nimebaki na kalamu kwa sababu kwa simu wewe na mimi tumeshindwana.

Sitaki uudhike, Baba, lakini mimi nimeudhika. Nimepiga simu mara tatu. Mara ya kwanza uliniweka kwenye spika, kumbe babake yule Kevin anayemposa mdogo wangu Nafula ameketi hapo hapo anakunywa chai ya Mama. Mara ya pili, kabla sijamaliza salamu, ulisema, "Ngoja, ngoja, sikia hii," ukawasha gari ukakanyaga mafuta, na nilichosikia kutoka Bungoma mpaka Doha ni mngurumo na kuku wanaopiga kelele. Kisha ukaniuliza, "Umesikia? Hiyo ni turbo." Nilikuwa nimepiga kuuliza habari za posa ya mdogo wangu! Mara ya tatu nitaifikia.

Basi acha niandike, maana karatasi haina spika. Na wewe mwenyewe, karani wa shule miaka yote ile, ndiwe uliyetufundisha kwamba neno lisiloandikwa ni upepo.

Kwa jinsi Mama na Senge, huyo dada yako, walivyonieleza, mambo yako hivi. Kevin wa Kibomet anataka kumwoa Nafula. Kwa hilo sina neno. Nimeongea naye, ni kijana mwenye adabu, na Nafula anampenda. Wazee wetu walitaja ng'ombe kumi na watatu, kawaida ya kwetu. Badala ya ng'ombe, Kevin na babake wakaleta lile gari la mbio, la buluu, lenye mabomba manne nyuma, wakaliegesha kando ya ghala la mahindi. Wakasema likae hapo ulijaribu mpaka wazee watakapokutana baada ya mavuno. Ukilipenda, mahari imekwisha. Yule babake, ambaye amefanya udalali wa mahindi pale Moi's Bridge mpaka ulimi umelainika, akakwambia, "Mzee, ng'ombe ni mambo ya jana. Hapa uko na ng'ombe kumi na tatu, na juu yake nguvu ya farasi mia tatu!" Senge anasema ulicheka mpaka ukapangusa macho.

Mimi sikucheka. Hebu tuambiane ukweli kuhusu gari hilo.

Hilo si ile pikapu ya kanisa uliyozoea. Linataka petroli ya daraja la juu, ile ambayo vituo vingi vya Bungoma havina. Wewe unalipatia nini? Mafuta ya madebe kutoka Lwakhakha, yaliyovushwa mpakani kwa bodaboda, na hakuna ajuaye yamechanganywa na nini. Lilipoanza kukohoa ulilipeleka kwa Fundi Hassan pale karibu na msikiti, na Mama alikuwa ndani ya gari, kwa hivyo usinikatalie. Fundi alikwambia, "Mzee wangu, hii si gari ya mafuta ya debe. Ukiendelea hivi utaua injini, na injini yake hapa Bungoma yote hupati." Ukamjibu nini? "Petroli si ni petroli, bana?"

Halafu nasikia kila mkifika mteremko unaondoa gia na kuzima injini ili liteleze lenyewe, ati unaokoa mafuta. Baba! Gari hilo likizimwa, usukani unakuwa mgumu na breki zinakuwa jiwe. Unampeleka Mama kanisani bila breki ili uokoe kikombe cha petroli. Mama anasema siku hizi sala yake huanza mkiwa bado njiani.

Matairi nayo. Mpira wake ni mwembamba kama mkanda wa suruali, na kutoka lami mpaka nyumbani kwetu ni mawe na mashimo. Yalipopasuka, ukauza magunia ya mahindi, yale tuliyokubaliana yakae ghalani mpaka bei ipande. Umeuza mahindi kununua matairi ya gari ambalo bado si lako. Bado si lako, Baba! Kevin hatoi hata tone la oili. Mtu amekuachia mnyama wake umlishe, maziwa hakuna, na wewe unamshukuru.

Senge alinipigia akicheka mpaka nikadhani anakohoa. "Nekesa, babako saa hii anaitwa Mheshimiwa. Watoto wakisikia hiyo gari wanajipanga kwa barabara. Lakini ile siku ya mvua si ilikwama hapo kwa geti? Bampa ikabaki kwa matope. Imevutwa na ng'ombe za jirani, Wanyonyi. Ng'ombe, mama! Nikamwuliza babako, si hao ndio tulikuwa tupewe? Akaninunia mpaka jioni."

Usifikiri nasema kwa wivu. Kijana wa nyumba hii alikuwa na gari la aina hiyo, tena jipya. Huku petroli ni rahisi kuliko kwetu na barabara zimenyooka kama meza. Hata hivyo kila akitoka gereji alikuwa anaingia jikoni kwangu amenuna, anafungua friji na kusimama tu, hatoi kitu. Siku moja mamake alimwambia, kwa Kiarabu ambacho sasa nakielewa, "Kwa pesa hizo ungekuwa umeshaoa." Ameliuza. Sasa ikiwa mtu anayeishi juu ya visima vya mafuta ameshindwa kulilisha, sisi wa kupanda mahindi na kutazama mawingu tutaliweza?

Nikajiuliza kwa nini Kevin anataka kulitoa. Nafula mwenyewe ndiye aliyeniambia. "Dada, ilimshinda. Aliinunua time biashara ya spea ilikuwa poa. Saa hii inakaa tu. Ametafuta mtu wa kununua, hakuna." Akaongeza polepole, "Lakini mimi siulizwi. Baba anaipenda."

Haya yote ya mafuta na matairi ningeyameza. Umelea watoto, umezika wazazi, umefanya kazi mpaka ukastaafu na baiskeli ile ile uliyoajiriwa nayo. Una haki ya kupenda kitu. Kinachonikaba koo ni kingine, na nilikiuliza ile mara ya tatu niliyopiga. Nilikuuliza, "Na Nafula akirudi?" Ukapaza sauti: "Ati akirudi? Mbona unamwombea dada yako mabaya hata kabla hajaenda?" Ukakata simu.

Simwombei mabaya. Namwombea azeeke na Kevin mpaka wasahauliane majina. Lakini mimi ni mtu aliyerudi, Baba, na wewe ndiye uliyenipokea.

Asubuhi ile hatujawahi kuizungumza, acha niizungumze leo. Nilishuka pale barabarani nikitoka kwa mume wangu kule Kitale, nimefunga leso mpaka karibu na macho ili watu wasione uso wangu, mkononi nina mfuko mmoja wa plastiki. Ulikuwa unakamua. Uliinua kichwa ukanitazama, ukamaliza kukamua, ukanimiminia maziwa kwenye kikombe chako mwenyewe. Hukuniuliza kitu. Wiki iliyofuata wazee wa upande ule wakaja, mume wangu amekaa nyuma yao anachezea kofia. Wakasema maneno machache tu: mke wetu, au ng'ombe wetu.

Nilikuwa jikoni na Mama, nimeshika ukuta. Nilikuwa nawajua wanawake wawili wa pale pale kwetu waliorudishwa kwa waume zao kwa sababu baba zao walikuwa wameshamaliza ng'ombe, hawana cha kurudisha. Nilijua na mimi naweza kuwa wa tatu. Niliogopa, Baba. Sijawahi kuogopa vile, hata siku niliyopigwa.

Wewe ulisimama, ukaenda kwenye zizi, ukatoa miti ya mlango mmoja mmoja. "Hesabuni," ukawaambia. Ng'ombe wengine wa mahari yangu walikuwa wamekufa kwa ugonjwa ule wa midomo, na mahali pao uliwajazia ndama waliozaliwa hapo hapo kwetu. Hata yule mwekundu, ambaye maziwa yake yalikuwa karo ya Nafula, alienda. Mama alilia kwa ajili ya ng'ombe yule, na mimi nililia kwa kuwa Mama analia. Ukasema, "Nyamazeni. Ng'ombe nitatafuta. Nekesa mwingine nitamtoa wapi?"

Kila siku ninayoamka huku na kufunga aproni, najua ni kwa sababu zizi lilikuwa na kitu siku ile.

Sasa niambie. Mungu apishie mbali, lakini siku moja Nafula akishuka pale barabarani amefunga leso usoni, na babake Kevin akaja na wazee wake kusema mke wetu au gari letu, utawatolea nini? Injini iliyouawa na mafuta ya Lwakhakha? Bampa la matopeni? Watasema walikupa mali ya ng'ombe kumi na watatu na wanataka mali hiyo hiyo. Ng'ombe akifa, ndama wake anasimama mahali pake. Gari likifa nani atasimama? Utaanza kuzunguka minadani ukitafuta ng'ombe wa kununua, na pesa huna, umezimaliza kwa matairi. Wakati huo mdogo wangu atakuwa anangoja katika nyumba ya nani?

Ombi langu ni hili. Mrudishie Kevin ufunguo kabla wazee hawajakutana. Mwambie kwa upole, si mtu mbaya, ni kijana tu aliyenunua kelele akadhani amenunua gari. Aliuze yeye mwenyewe, alete ng'ombe. Akianza na watano, sawa, wengine watafuata polepole. Hata wewe mahari ya Mama uliimaliza mimi nikiwa shuleni. Kama gari lina thamani wanayoisema, atapata ng'ombe na chenji ya harusi. Kama hakuna anayelitaka, basi utakuwa umejua ulikuwa unapewa nini. Na ukiona haya mbele ya babake, nisingizie mimi. Sema yule binti wa Doha ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Nimezoea kusemwa.

Najua roho itakuuma. Mama ameniambia kwamba jioni huwa unakaa ndani ya gari hilo bila kuliwasha, umefunga milango, unasikiliza redio. Nitakununulia redio, Baba. Kubwa, yenye spika mbili, na utaisikilizia kwenye kiti ambacho hakivunji mgongo.

Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa Webuye anayerudi nyumbani likizo. Ana pia dawa ya kuchua magoti ya Mama; mwambie ajipake akiwa ameshaosha mikono, na asimgawie kila anayelalamika kanisani. Msalimie Mama sana, na umwambie nimepata viungo vya pilau nitamtumia. Msalimie Senge, mdomo wake usichoke, ndio gazeti langu. Msalimie jirani yetu Wanyonyi, na zaidi yake, ng'ombe wake waliotuvutia gari. Fundi Hassan naye, ingawa hanijui, mwambie kuna mtu Doha anamshukuru kwa kusema kweli. Kuku wa Mama natumaini wataanza kutaga tena kukiwa kimya.

Nafula usimsomee barua hii kama hutaki. Lakini kabla wazee hawajakaa, mwite, mketishe, umwulize yeye anataka nini kiwe ndani ya zizi lile. Mimi sikuwahi kuulizwa. Nilibahatika tu kuwa na baba aliyekuwa na ng'ombe.

Ni mimi binti yako, yule uliyemfungulia zizi,

Nekesa