Wimbo Ulioondolewa Baada ya Uzinduzi

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza. Ukungu hadi saa nne. Maharage yameanikwa, yameanuliwa kwa sababu ya manyunyu, yameanikwa tena. Goti la kushoto linauma.

Nje ya kanisa watu wamenipongeza kwa ajili ya jana. Mchezo wangu wa nyimbo, Nyumba ya Daa, umezinduliwa rasmi katika ukumbi wa parokia. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa. Utaonyeshwa kila Jumamosi mwezi huu. Ni habari ya mke na mume wanaofungua shamba huko Daa, wanamzika mtoto wao wa kwanza, wanaendelea kuishi. Ni maisha yetu, mimi na mke wangu, mama Theresia, ila majina nimeyabadilisha. Nimeuandika kwa miaka mitatu. Wimbo wa maziko, pale kijiji kizima kinapofika mlangoni kuimba, uliwainua watu vitini.

Mama Theresia hakuinuka. Alisema miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Kazi iliyozinduliwa imekwisha. Ni kama karatasi ya mtihani iliyokwisha kukusanywa. Hakuna kuongeza neno.

Jumanne, 10 Juni

Elibariki amepita asubuhi. Ndiye mwongozaji wa mchezo. Kijana wa Machame. Mchana huwapeleka watalii kreta, jioni huwafundisha vijana kuigiza. Salamu zilikuwa ndefu mno. Kisha akauliza kama ngoma ya mavuno ingeweza kufupishwa. "Kidogo tu, mwalimu. Watu wanachoka." Nimekataa. Amekubali papo hapo, tena kwa tabasamu.

Mtu anayekubali upesi hivyo ameshaamua lake.

Jumamosi, 14 Juni

Onyesho la pili. Ngoma ya mavuno imefupishwa.

Hilo ni dogo. Kabla ya wimbo wa maziko wameweka kimya ambacho sikukiandika. Nilidhani mtu amesahau maneno. Neema, binti anayeigiza mke, alisimama tu akitazama njia. Kisha kwaya ikaingia, nusu yake. Nusu nyingine ilibaki nyuma ya pazia. Niliiona miguu yao.

Nimemuuliza Elibariki. "Mchezo bado unakua, mwalimu." Nimemwambia kinachokua ni mahindi. Akacheka. Sikuwa ninatania.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesikia habari dukani. Elibariki ameonekana akizungumza na meneja wa hoteli moja ya watalii. Walisimama kando ya gari muda mrefu.

Sasa naelewa. Watalii hawawezi kuketi saa mbili wakisikiliza Kiswahili. Wanataka ngoma, mashuka mekundu, kisha chakula. Anaukatakata mchezo wangu ili apate kipande cha kuwaburudisha wageni wanaosubiri supu. Ushahidi sina. Lakini nimesimamia mitihani maisha yangu yote. Namjua mtu anayeficha kitu.

Nimemwambia mama Theresia. Amesema, "Yule kijana ana roho nzuri." Hakuniangalia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda ukumbini bila kuwaarifu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Sauti zilisikika. Nikagonga, sauti zikakoma. Neema akafungua. "Shikamoo mwalimu! Karibu, tulikuwa tunapumzika."

Wote walikuwa wanapumzika wima.

Kwenye kiti cha mbele palikuwa na kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Vijana hawa hunywa soda. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na baridi inaingia. Hakuna aliyeweza kuniambia chai ile ni ya nani. Nimeaga.

Nyumbani sikumkuta mama Theresia. Alirudi jua likizama, akasema alikuwa kwenye jumuiya. Jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, 20 Juni

Sikumuuliza. Nimemtazama tu. Anapepeta maharage na kuimba chinichini. Wimbo wenyewe si wangu.

Tangu tufunge ndoa sijawahi kumshuku kwa jambo lolote. Ni hali mbaya sana. Elibariki amemwahidi nini? Kwa nini wanitoroke kupitia mlango wa nyuma? Nimefika mahali pa kufikiri mambo ya kipuuzi, nami najua kuwa ni ya kipuuzi, na bado ninayafikiri.

Jumamosi, 21 Juni

Onyesho la tatu. Wimbo wa maziko umeondolewa. Wote.

Jukwaa tupu. Neema ameketi mlangoni peke yake. Mtu anapita kwa mbali, anatua mzigo wa kuni njiani, anaondoka bila salamu. Neema haendi kuuchukua mpaka mtu huyo atoweke. Basi. Taa zinazimwa. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilitoka. Elibariki alinifuata hadi barabarani. "Baba, subiri kwanza, usiondoke hivyo." Nimemjibu kwamba mimi si baba yake na ule si mchezo wangu. Jumamosi ijayo wanakuja wageni kutoka Arusha, wanaotaka kuuchukua wakauonyeshe huko. Ruhusa ni yangu. Wimbo usiporudi, hakuna Arusha. Wala hakuna onyesho la nne. Nitauondoa mchezo wote. Nilimwacha amesimama hapo.

Ila jambo moja linanisumbua. Zile kuni. Kijana wa Machame amezijuaje?

Jumapili, 22 Juni

Sikusikia mahubiri.

Zamani kwetu nyumba iliyofiwa na mtoto ilitengwa. Kwa Kiiraqw, metimani. Jirani hakuingia, hakutoa mkono. Wafiwa hawakuteka maji pamoja na watu wengine, wala ng'ombe wao hawakuchanganyika na wa jirani. Ilichukua miezi. Aliyewahurumia aliacha kitu njiani na kwenda zake.

Nimeuacha utengo huo nje ya mchezo kwa makusudi. Sisi ni Wakristo. Wageni wa heshima wangetuonaje? Nimeandika majirani walivyopaswa kufanya.

Elibariki hayajui haya. Neema amezaliwa mjini Karatu, hajalala nyumba ya matope hata siku moja. Aliyewaambia alikuwa ndani ya nyumba ile.

Jumanne, 24 Juni

Nimemuuliza. Mama Theresia alikuwa jikoni akimenya viazi. Hakukana.

"Ni mimi. Elibariki alikuwa anakuogopa. Nikamwambia woga wake aniachie mimi."

Chai ilikuwa yake. Jumuiya ya Alhamisi ilikuwa ukumbi ule. Nimemuuliza kuhusu hoteli. "Hoteli gani? Neema ni mhudumu pale. Elibariki alikwenda kumwombea ruhusa ya Alhamisi. Wewe nawe!" Alicheka kidogo, kisha akaacha.

Nimesema nilistahili kuulizwa. Ni kazi yangu, na mtoto alikuwa wetu sote wawili. Ameweka kisu chini.

"Wewe ulikuwa chuoni. Ulikuja mwezi wa pili baada ya maziko, redio mkononi. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kulia." Kisha akasema: "Umeandika kijiji kizima kinaimba mlangoni. Kijiji gani hicho, mwalimu? Nilikaa pale na mama yako, hata yeye haongei. Siku ya uzinduzi nimeketi nasikia watu wanaimba, nikasema hawa walikuwa wapi?"

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia nilipokuwa naandika. Miaka mitatu, meza ileile, yeye akiniletea chai.

"Ungenisahihisha kabla sijamaliza."

Ameendelea na viazi. Nimetoka kwenda kuangalia maharage, ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Nimekasirika.

Jumatano, 25 Juni

Kutwa tumeongea habari za chumvi na kuku tu. Nimeusoma wimbo wa maziko mara nyingi nikitafuta kosa. Hauna kosa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemwambia mama Theresia twende wote. Ameshangaa, akajitanda mtandio, tukaenda. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi.

Vijana walisimama kama darasa lililovunja kioo. Nimewaomba waimbe wimbo wangu wote, kwaya nzima. Halafu wafanye lile tukio la kuni. Nimeketi mbele, mama Theresia kando yangu.

Wimbo ni mzuri. Sitajikana. Lakini walipoimba nilimwangalia mke wangu badala ya jukwaa. Alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri basi. Walipofika kwenye kuni mikono yake ilianza kusogea mapajani, kama inayokusanya kuni.

Nimewaambia wimbo ubaki nje.

Elibariki alifumba macho. Neema alisema, "Asante babu," badala ya mwalimu, akaziba mdomo. Nimerekebisha jambo moja tu: mleta kuni alikuwa anamtupia Neema jicho la huruma. Hapana. Asimtazame kabisa. Atue mzigo, ageuke.

"Hapo sasa," amesema mama Theresia. "Hapo ndipo."

Jumamosi, 28 Juni

Onyesho la nne. Wageni wa Arusha walikuja na koti zito kila mmoja. Kimya kile kilikuwa kirefu. Mwanamke mzee nyuma yangu alijifunika kanga kichwani, wa pembeni yake naye akafanya vilevile. Hakuna aliyekohoa.

Baadaye wageni wakauliza tukio la kuni nimelipata wapi. Nimesema si langu, ni la mke wangu, wamuulize yeye. Wakamuuliza. Alijibu kwa maneno machache, akasema anawahi kuku.

Ruhusa nimetoa.

Jumapili, 29 Juni

Misa ya pili. Tumechelewa kuamka.

Mchana jua limetoka kidogo. Tumeketi uani tukipukuchua mahindi. Nimemuuliza ni nani aliyekuwa akileta zile kuni. Amesema hajui mpaka leo. Alikuwa akisikia hatua kabla hakujapambazuka, na hakutoka kuchungulia, kwa sababu mtu yule hakutaka kuonekana. Wapo anaowadhania. Wengi wamekwisha kufa. Amewataja majina polepole.

Kisha ameendelea bila kuulizwa, tangu asubuhi mtoto alipoanza homa. Amesimulia kwa Kiiraqw. Maneno mengine sikuwa nimeyasikia tangu mama yangu afariki. Mara mbili alichanganya siku, akarudi nyuma, akaanza tena.

Sikumkatiza.