Njaa ya Watu Wawili

Kaloleni, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Miguu bado inakufa ganzi? Mimi na mkweo Calvince tuko tu. Winny, jirani yako, anasema unafunga tena na watu wa kanisa, na bado unameza dawa za sukari. Mama, hizo dawa zinashusha sukari hata tumbo likiwa tupu! Daktari alisema ule kwanza. Tafadhali acha kufunga.

Bintiyo, Celestine

Asembo Bay, 7 Machi

Nyathina, mwanangu,

Nashukuru uko salama. Miguu ni ile ile. Huyo Winny ana mdomo. Ndiyo, nafunga, na sitaacha. Umeolewa miaka hii yote bila mtoto, mama mkwe wako anakusema hadi sokoni. Nikae tu nikila samaki?

Mama yako

Kaloleni, 15 Machi

Mama, mbona kimya? Ujumbe niliokutumia juzi kwa simu hujausoma. Winny naye hashiki simu. Sina raha. Jibu hata neno moja.

Bintiyo

Asembo Bay, 19 Machi

Nyathina,

Usishtuke, niko hai. Nilianguka ufuoni nikiparua samaki. Nilitetemeka, jasho likanitoka, nikaongea maneno yasiyoeleweka. Winny akaninywesha soda kupandisha sukari, ndipo nikazinduka. Hospitalini nilimweleza daktari nafunga kuombea mjukuu, akaniuliza, "Mama, huyo mjukuu atamkuta nani?" Lakini nisipofunga, nitakusaidia na nini?

Mama yako

Kaloleni, 20 Machi

Mama,

Nimelia mpaka Calvince ameshindwa kwenda kazini. Kuna jambo sikukwambia. Kliniki walisema homoni zangu zimevurugika, ndiyo maana mayai hayakomai. Nipunguze soda na mandazi, nile kwa wakati, mwili upungue polepole. Mimi hiyo polepole ikanishinda. Nikawa nashinda na chai ya rangi peke yake. Wiki jana nilizimia jikoni. Sasa Calvince ananisimamia nikila, kama mtoto.

Kumbe tunajiua kwa njaa sote wawili kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajaja. Mama, nikikupoteza wewe, mtoto nitampeleka kwa nani? Jumamosi nakuja.

Bintiyo

Asembo Bay, 21 Machi

Nyathina,

Usije, kaa upumzike. Nimemwambia pasta nitaomba nikiwa nimekula. Akasema Mungu anasikia. Sijui kama alimaanisha. Leo nimekula asubuhi, nikameza dawa, halafu nikakaa na wasiwasi kama mtu aliyeiba.

Jumamosi nakuja mimi, na samaki wa ngege na mboga ya osuga. Pika ugali mdogo. Na mama mkwe wako akiuliza habari ya mtoto, mwambie niko hapo mezani, aje aniulize mimi.

Mama yako