Alichojibu Esteri

Kitahana, Kibondo
9 Machi 2025

Mpendwa mpwa wangu Claudine,

Amani kwako huko Mtwara, na kwa mumeo. Mimi sina nguvu tena hata za kufika barabarani. Barua hii naiandika kidogo kidogo. Kuna jambo kuhusu kifo cha mama yako nimelificha tangu ulipozaliwa. Sitaki kufa nalo.

Jirani yako Maximilla kaniambia una mimba ya miezi mitano, kichwa kinakuuma kila alfajiri, unatapika, na unaona vitu viwili viwili. Eti shangazi zako wamekujibu, "Vumilia, mama yako alivumilia." Nimekasirika! Nenda hospitali leo. Kipimo cha MRI hakitumii mionzi, usikubali kuambiwa usubiri mpaka ujifungue. Huenda si ugonjwa uliomuua mama yako, lakini daktari ndiye aseme, si shangazi.

Kila mwaka kwenye misa ya kumbukumbu wanasimama kumsifu mama yako Esteri, kwamba alikataa kupasuliwa ili wewe uzaliwe. Uongo mtupu. Nimechoka kuuitikia Amina.

Uvimbe ule wa ubongo ulikuwa umemwondolea dada yangu Kiswahili chote, kikabaki Kirundi cha nyumbani. Daktari kule Mwanza alikuwa mtu wa Tanga, hakujua neno hata moja la Kirundi, hivyo mimi ndiye nikawa mkalimani. Alitueleza vizuri: mimba ina miezi mitano, anaweza kumpasua kichwa mtoto akiwa tumboni, na wote wawili wana nafasi ya kupona. Akisubiriwa ajifungue, mama atakufa.

Tukiwa bado mlangoni mwa wodi, baba yako mkubwa Evaristi akanivuta shati, akasema kwa Kirundi. "Mwalimu, hicho Kiswahili chako kisituulie mtoto. Mdogo wangu ataoa mwingine." Maneno hayo, na mgonjwa anasikia! Baba yako akatazama sakafu. Hata yule daktari namlaumu: swali lilikuwa la Esteri, yeye akanitazama mimi, akasema, "Muulize, anakubali?"

Nikamuuliza.

Wanangu Elieth na Godson wanakusalimu sana. Mungu akulinde wewe na huyo aliye tumboni, na asikupe mkalimani kama mimi.

Esteri alijibu mara mbili, kwa sauti: "Ndashaka gukira." Nataka kupona. Nami nikamgeukia daktari nikamwambia, "Amekataa."

Mjomba wako, akupendaye hata usiponisamehe,
Dionis