Nyuzi za Seva na Foleni ya Tangawizi

Mdogo wangu Neema,

Huku milimani Same ukungu unaingia mpaka kwenye chai. Programu yako inayounganisha mizani na malipo hapa ghala la tangawizi imenitia aibu! Kila gunia lililopimwa liliundiwa uzi wake wa kazi, yaani njia yake ya kuchakata hesabu, bila seva, ile kompyuta kuu, kujua, mpaka seva ikaganda. Nilikuonya, ukasema sikusoma chuo. Mama meneja wa ghala akaona foleni ya wakulima: "Mwanangu, ikiganda tena tunarudi kwenye daftari." Nikaiamuru programu itumie nyuzi ishirini zinazosimamiwa na seva yenyewe, zote zikiwa na kazi, gunia lisubiri zamu, kama wenyeji wanavyopokezana maji ya bwawa. Kufikia mchana foleni ikawa imekwisha. Meneja akanipakulia makande: "Kula baba, mfumo unabaki." Nimekula sahani mbili, ya pili ilikuwa yako.

Nakupenda hivyo hivyo, mbishi wangu.
Kaka Elia