Mara Moja Endelea, Mara Mbili Simama

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu utuage, na hapa nyumbani bado hakuna anayerudi nyuma hata hatua moja bila kugeuza shingo kwanza. Wajukuu wako wanafanya hivyo hata wakicheza. Juzi jirani alituuliza kama ukoo wetu una maradhi ya shingo. Tulicheka sana, maana sote tulikuwa tumekukumbuka.

Mtaani walikuita Bwana Kinyumenyume. Kazi ya kusafisha mazulia ndivyo ilivyo: mtu huanzia kona ya mbali, akaivuta mashine kuelekea mlangoni, asije akakanyaga alipokwisha kusafisha. Ujanani ulisafisha ukumbi mmoja peke yako, ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, mpaka sakafu ikaisha na ngazi zikaanza. Mkono wako wa kushoto haukunyooka tena sawasawa. Ukitusimulia, hukukubali kwamba ulianguka. Ulisema, "Jengo liliniacha."

Ulipoanzisha kampuni yako, sharti la kwanza likawa hilo. Hakuna kushika mashine bila mwenzako kusimama nyuma yako, ameshika mpira wa maji na waya visikunase miguu, macho yake yakiwa macho ya mgongo wako. Na kwa kuwa mashine ikinguruma hata radi husikii, mkatumia kiganja. Ukigongwa mgongoni mara moja, njia nyeupe, endelea. Mara mbili, simama hapo hapo, hata kama umebakiza doa la mwisho.

Wa kwanza kusimama nyuma yako alikuwa Mama. Mlikuwa wawili tu na mashine ya kuazima. Wateja ulikuwa ukiwaambia, "Huyu mke wangu ananipiga kila siku, ndiyo maana mpaka leo mnaniona mzima." Kazi ilipokua Mama akahamia ofisini kupokea simu, lakini kiganja hakikustaafu. Kwenye sherehe, ukishika kipaza sauti na hotuba ikianza kuota mizizi, alipita nyuma yako kimyakimya akakugonga mara mbili. Ulikuwa unakata sentensi katikati na kukaa. Wageni walidhani umezidiwa na hisia.

Tunakukumbuka ukiingia kwenye nyumba za watu. Kabla ya bei, kabla hujavua kofia: "Nani humu ndani anakohoa?" Akipatikana mwenye pumu, ulibadilisha sabuni, ukafungua madirisha yote na kuwatoa nje wenye nyumba. Kuna babu mmoja alikataa kuacha kiti chake. Mlimtoa na kiti chenyewe, wewe upande huu na fundi wako Kelele upande ule, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, kama ulivyotufundisha kunyanyua makabati. Kuchanganya dawa mbili kwenye ndoo moja kwako kulikuwa dhambi kubwa kuliko wizi, na ukituona tunasugua masufuria bila glovu uliguna mpaka tukazivaa.

Sasa tukuambie ya mwaka huu, maana hukupenda kusimuliwa nusunusu.

Tuliporudi kutoka makaburini, sauti ya Mama ilishuka. Alikula, alitujibu salamu, ila ilibidi tumsogelee ndipo tumsikie. Ofisini hakwenda tena. Funguo akamkabidhi Mjomba, kaka yake. Mjomba unamjua: moyo mzuri, haraka mbaya. Wewe ulikuwa ukimwambia haraka haraka haina baraka, naye akikujibu kwamba hizo baraka nazo zina foleni ndefu. Wateja walikuwa wameanza kupungua, na aliogopa kampuni yako isije ikafia mikononi mwake. Akatazama huku na huku, akaona watu wawili kwenye mashine moja.

"Huyu mwingine anafanya nini?" akamuuliza Kelele, fundi wako wa tangu zamani, yule uliyempa jina hilo kwa sababu hasemi mpaka aulizwe.

"Anasimama nyuma."

"Anasimama. Mtu mzima na akili zake anasimama kama mlingoti?"

"Ndivyo bosi alivyotaka."

"Shemeji yangu aliumwa na nyoka, Mungu amrehemu, akawa anashtuka akiona ung'ongo. Wewe una shingo. Geuka."

Wakaanza kwenda kazini mmoja mmoja. Kelele alimweleza binti yako mkubwa, naye akamfikishia Mama. Mama akajibu kwa sauti ile ya chini, "Mimi hayo niacheni. Mwulizeni mjomba wenu." Kampuni ingefungwa, tungeishi. Hapo tulichoogopa ni kwamba mmeondoka wote wawili.

Halafu siku moja, asubuhi, Kelele akapiga simu nyumbani. Alikuwa peke yake kwenye ofisi moja ya ghorofani, na chupa ya dawa ya madoa alikuwa ameisahau kwenye banda letu la nyuma. Sisi sote tulikuwa kwenye shughuli zetu. Mama akaichukua mwenyewe, kwa shingo upande, afike, aikabidhi, arudi.

Haya yanayofuata tumeyapata kwa Kelele. Ukimwuliza Mama, atakwambia tu alimkuta karibu na ngazi.

Mama alipokuwa anapanda alisikia mashine inanguruma juu. Zulia la ushoroba ule linaishia pale pale ngazi zinapoanza. Kelele alikuwa amegeuza shingo mwanzoni, lakini doa moja sugu likamteka akili, akalivuta, akalirudia, huku anarudi nyuma. Mama akainua macho akaona mgongo unamjia, waya umezunguka mguu mmoja, na kisigino cha mguu wa pili tayari kinaning'inia hewani.

Kupiga kelele kungesaidia nini? Mama alitua chupa, akapanda haraka, akanyoosha mkono. Mara mbili.

Kelele anasema mwili wake ulisimama kabla ya akili. Akazima mashine, na bila kugeuka akasema, "Nimesimama, bosi."

Ndipo akakumbuka kwamba bosi hayupo. Akageuka polepole, akamwona Mama pale chini yake kwenye ngazi, kiganja bado kimeinuliwa. Mwanaume yule akakaa juu ya zulia bichi akalia. Mama naye akakaa hapo hapo na gauni lake, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hatukukisikia. Walipomaliza, akajifuta uso kwa upande wa mtandio, akauliza, "Haya, mpira uko wapi?" Akaushika pamoja na waya, wakasafisha upande uliobaki, kiganja mgongoni, mara moja, mara moja, mpaka mlangoni.

Jioni alimkuta Mjomba anakula.

"Kaka." Sauti ilifika mpaka uani. Sisi tuliokuwa huko tuliacha tulichokuwa tunafanya. "Kuanzia kesho watu wanakwenda wawili wawili."

"Lakini dada, wateja wenyewe hawataki tuchelewe."

"Watakaochelewa watafika. Na kesho unakwenda na mimi. Wewe utashika mashine, mimi nitasimama nyuma."

"Mimi? Na mgongo wangu huu?"

"Huo huo."

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, Mjomba alikuwa amenusurika kujikwaa kwenye stuli moja, kizingiti kimoja na paka wa mteja. Anadai shati lake limechakaa mgongoni kwa kugongwa. Lakini alirudi amebadilika, na sasa hakuna mhubiri wa sharti lako kumzidi. Vijana wapya anawafundisha yeye, na lile swali lako la nani anakohoa amelishika mpaka anawauliza wageni wanaokuja kumtembelea. Wateja wengine walikwenda wasirudi. Waliobaki wanatutosha, na hakuna aliyeumia.

Kuna jambo moja, Baba, tumelielewa mwaka huu. Ile siku ya mwisho, muuguzi alikugeuza utazame ukutani ili anyooshe shuka. Ulikuwa unapumua kwa shida. Mama alikuwa nyuma yako, sisi tuko mlangoni, tukamwona ameweka kiganja mgongoni mwako. Tulidhani anakubembeleza. Muda si muda ukatulia.

Baada ya yale ya ngazini, binti yako mkubwa akapata ujasiri wa kumwuliza. Mama akamjibu, "Alikuwa anasita. Anarudi nyuma, haoni anakokwenda, na yeye bila mtu nyuma yake hasogei. Nikamgonga mara moja."

Unakumbukwa na mkeo, ambaye tunapoandika haya yuko kazini. Na sisi watoto wako. Na wajukuu wenye shingo za kugeuka. Na shemeji yako, anayekudai shati. Na Kelele, aliyesema "na mimi niandikeni," ambayo kwake ni hotuba ndefu.

Tutakukumbuka daima, Baba. Njia nyeupe. Endelea.