Dau la Ng'ombe wa Tabea

Jumatatu, 3 Juni 1912
Mvua. Watoto wachache shuleni, nikawaachia mapema. Gari la ng'ombe la Kaburu limevunjika gurudumu hapa Lemara, na dereva wake, Lemburis, anachezesha watu karata za ishirini na moja. Nimeshinda mbuzi! Mwalimu wa misheni na karata — Mungu anisamehe. Mke wangu Tabea nimemwambia ni zawadi ya mzazi.

Jumatano, 5 Juni
Lemburis ananifundisha bila choyo. Ukiwa na kumi na moja, asema, na mgawaji ameonyesha sita, ongeza dau mara mbili. Karata za kumi ni nyingi, na mgawaji mwenye sita huvuka ishirini na moja upesi, akashindwa. Ila ukiongeza, unapewa karata moja tu, basi. Nimeirudia kanuni hiyo njia nzima kama katekisimu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeangamia.

Niliweka mtamba wangu, ng'ombe pekee niliye naye. Nikapata tano na sita. Kumi na moja! Lemburis kaonyesha sita. Kuongeza kulitaka ng'ombe wa pili, nami sina. Nikamtaja ng'ombe wa Tabea — yule ambaye mama yake alimpa siku ya harusi, ambaye maziwa yake ndiyo yanamlea Hanna wetu tangu homa imkaushe Tabea. Kwetu mume hamtoi ng'ombe wa mke bila neno lake. Wote pale wanajua. Nikasema, gawa.

Tatu. Kumi na nne.

Lemburis akafunua kumi, akavuta tano. Ishirini na moja.

Kanuni ilikuwa sahihi! Nimelia njiani kama mtoto.

Jumamosi, 8 Juni
Sijamwambia Tabea. Kanipikia ndizi za maziwa, akauliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada Lemburis kaja na kamba. Mtamba kamfunga mara moja. Wa pili hakumgusa. Asema hamtoi ng'ombe wa mwanamke zizini mpaka mwenyewe amkabidhi. Kamwendea Tabea kwa adabu, kamweleza yote, nami nimesimama pale pale. Aibu! Nikaingia ndani.

Naandika kitandani. Wako nje. Lemburis ameuliza mara ya pili: Mama Hanna, umeridhia? Hanna analia njaa, hakuna anayembeba. Sasa Tabea ananiita. Anasema Mika. Tangu tumzae Hanna huniita Baba Hanna, hajaniita Mika —