Chui Aliyenipa Homa ya Ini

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, mtaa wetu mzima wa Gisozi ni matope, na karakana imefungwa. Nimekaa na simu yangu naandika.

Nimepona homa ya ini C. Muuguzi alinisomea majibu Alhamisi, kirusi hata kimoja hakikuonekana. Kidonge kimoja kila siku wiki kumi na mbili, halafu wiki nyingine kumi na mbili za kungoja kipimo hicho. Sikuruka hata siku moja. Mafundi wenzangu niliwaambia kwamba daktari mkuu alinyanyuka kunipa mkono, eti tangu asome hajaona ini kama langu. Daktari mwenyewe sikumwona siku hiyo. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu, akaniambia nipishe wengine.

Ila si hilo linaloniweka hapa.

Siku ya kwanza, kabla sijapewa dawa, muuguzi huyo huyo aliniambia nivue shati. Akaona mistari mgongoni.

"Hii ni nini, mzee?"

"Chui. Nilikuwa kijana, Karagwe. Nilimshika mkia, akageuka..."

"Chui gani huyu anakwaruza kwa rula?"

Mistari yenyewe ni mifupi, imepangwa, sita huku na sita huku. Nikashindwa. Nikamweleza. Tulikuwa wakimbizi kule Tanzania, nina kichomi, mama akamwita mzee wa kuumika, yule anayechanja na kunyonya damu kwa pembe ya ng'ombe. Wembe ulikuwa mmoja. Alinichanja mimi, akaufuta kwenye shati lake, akamchanja dada yangu mdogo Venansia, aliyekuwa anakohoa.

Muuguzi akaacha kuandika. "Huenda ulipata hapo. Dada yako amepimwa?"

Nikasema ndiyo.

Hajapimwa.

Miezi sita imepita. Kila Jumapili nilikuwa kwake Nyakabanda, nakula chakula chake, wanawe wananiomba hadithi ya chui, na mimi nawapa, kila mara mkia unaongezeka urefu. Venansia anatabasamu tu. Ni yeye peke yake anayejua, na hajawahi kuniumbua. Katika miezi hiyo alianza kusema anaamka akiwa amechoka. Nilimwambia ni umri. Vidonge vyangu vilikuwa mfukoni. Alipoviona nikamwambia ni vitamini za wanaume wa kazi nzito.

Kumwambia akapime ilikuwa ni kumwambia kwa nini, na pale chui angekufa mbele ya watoto. Ni hicho tu kilichonizuia. Nimetafuta sababu kubwa zaidi, sikuipata.

Leo baada ya misa nilikwenda. Walikuwa mezani wote. Nikasema nikiwa bado nimesimama, shati limelowa: hakukuwa na chui. Ulikuwa wembe, na wembe huo ulimchanja na mama yenu. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa ini, nimetibiwa, umekwisha. Sasa yeye apime.

"Na mkia je, mjomba?" mdogo wao akauliza.

"Hata mkia haukuwepo."

Venansia alikuwa anapakua maharage. Hakuacha.

"Kaka, umejua lini?"

"Miezi sita."

Mara moja maishani sikuongeza wala kupunguza.

Aliweka sahani ya mwisho, akafuta mikono. "Ungesema chui alikuwa mgonjwa, ningekwenda kupima. Nimekutunzia chui wako miaka yote hii, ningeshindwa na hilo?"

Nilikula, nikaondoka.

Kesho saa moja asubuhi tunakwenda wote. Amesema nikae nje, nisifungue mdomo kwa muuguzi. Nitakaa nje. Akikutwa nayo, dawa ipo, naijua ladha yake, na nitapita kwake kila siku hadi kidonge cha mwisho.

Miezi sita ni mingi kiasi gani kwa ini? Alhamisi nilikuwa mbele ya mtu anayejua, na sikumuuliza.